Mhitimu hakumbukwi ila kwa nambari ya Paybill

Darasa letu lina kundi la WhatsApp. Tuko arobaini na wachache, tumetawanyika kuanzia Likoni hadi Doha. Mwaka jana mwenzetu mmoja alipofiwa na mamake, mweka hazina alifungua orodha asubuhi, na kufikia magharibi ilikuwa imejaa: kila jina na kiasi chake, aliyetoa mia mbili kaandikwa sawa na aliyetoa elfu tano. Wiki hiyo hiyo chuo tulichosoma kilitutumia ujumbe wa simu kutuomba tuchangie hazina ya wahitimu. Ulianza na “Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri”, ukaishia na nambari ya Paybill, ile ya kupokelea malipo kwa simu. Hakuna aliyeujadili, isipokuwa mmoja aliyeuliza namba yake ya simu wameipata wapi.

Swali lake lina uzito kisheria. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019, namba uliyoijaza kwenye fomu ulipojiunga na chuo haimpi mtu ruhusa ya kukuomba pesa nayo miaka kumi baadaye. Lakini tusijidanganye. Hata ruhusa ingekuwepo, tungenyamaza vile vile, nami ni mmoja wa walionyamaza.

Wapo wanaoeleza kimya hiki kwa wepesi, kwamba watu wa Pwani hawana desturi ya kuchangia elimu. Wapite Tudor, mtaa wa hapa Mombasa. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, ambacho wengi bado wanakiita Poli, kwa kufupisha politekniki, kilianza kama taasisi ya kuwapa Waislamu elimu ya ufundi, Mombasa Institute of Muslim Education, MIOME kwa ufupi. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951, na miongoni mwa waliotia mkono walikuwa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan na jamii ya Mabohora. Kabla ya hapo, shule ya Allidina Visram ilijengwa kwa mali ya familia ya mfanyabiashara huyo na kufunguliwa mwaka 1923. Bara nako, miaka ya 1970, wakulima wa kahawa wa Nyeri walichanga kujenga chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi. Kutoa tulikujua kabla ya kuwa na ofisi za wahitimu.

Historia hiyo hiyo ina upande wake mwingine. Fedha za MIOME zilikuja na nia ya waliozitoa: chuo kilikuwa cha Waislamu wa Afrika Mashariki, na kijana wa Kombani au Mazeras asiyekuwa Mwislamu hakuhesabiwa ndani ya nia ile. Milango ilifunguliwa kwa wote baadaye, serikali ilipokishika chuo. Sisemi waliotoa walikosea. Nasema tu kwamba mkono unaotoa huwa pia unaelekeza.

Marekani wanalijua hilo kwa gharama. Huko ndiko uchangishaji wa wahitimu ulikogeuka taaluma. Yale ilianzisha mfuko wake wa wahitimu mwaka 1890, na leo vyuo vikubwa vina idara nzima zenye watu ambao kazi yao ni kukumbuka umehitimu lini, umepanda cheo lini, na ni mwaka gani darasa lako litakutana tena. Matunda yake yanaonekana: mwaka 2018 bilionea Michael Bloomberg alikipa chuo alichosoma, Johns Hopkins, dola bilioni 1.8 za kuwasaidia wanafunzi wasio na uwezo. Lakini mwisho wa mwaka 2023, Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilipokuwa katikati ya mzozo wa kisiasa, mfadhili mmoja alitishia kuondoa zawadi ya takriban dola milioni 100, na siku chache baadaye rais wa chuo akajiuzulu. Vituko vidogo navyo havikosi. Kwa miaka mingi orodha mashuhuri ya ubora wa vyuo ya jarida la U.S. News ilihesabu pia ni asilimia ngapi ya wahitimu wanaochangia, kwa hiyo vyuo vikawa vinasaka dola tano tano ili kupandisha asilimia. Kipimo hicho kiliondolewa mwaka 2023.

Turudi nyumbani. Hoja ya vyuo vyetu ni nzito na haifai kudharauliwa. Chini ya mfumo wa zamani, serikali ilitakiwa kulipia asilimia 80 ya gharama ya masomo ya kila mwanafunzi iliyempeleka chuoni. Haikuwahi kufika huko, na madeni ya vyuo vya umma yakapita shilingi bilioni 60. Mfumo mpya wa mwaka 2023 ulihamishia mzigo kwa mwanafunzi na mzazi, kisha ukaburutwa mahakamani. Mkuu wa chuo anayekabiliwa na walimu wanaodai mishahara na maabara yenye mashine za zama za babu zetu, atamgeukia nani kama si waliopitia mikononi mwake?

Anayeombwa naye ana hesabu zake. Kijana aliyehitimu mwaka juzi anadaiwa na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, na asipolipa anatozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Akipata kazi anakatwa kodi. Mzazi wake alilipa karo. Sasa chuo kinamwita “mdau”. Halafu kuna harambee yenyewe, neno lililojenga shule na zahanati nyingi nchini kisha likachafuliwa na wanasiasa, hadi mwaka 2024 Rais Ruto akatangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki michango hiyo. Mtu aliyezoea kuona bahasha zikisomwa jukwaani na asione jengo ana haki ya kushuku.

Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema kuchangia ni kuisamehe serikali wajibu wake. Nakubaliana nao nusu. Mishahara ya wahadhiri ni ya hazina ya taifa, na chuo kinachoomba wahitimu wakilipie madeni ya uendeshaji kinaomba maji ya kujaza pakacha. Lakini msichana wa mwaka wa tatu aliyezuiwa kufanya mtihani kwa salio la shilingi elfu kumi na nne hawezi kuisubiri bajeti ya Juni.

Ninachokiona mimi, na ambacho ofisi za wahitimu hazitaki kukisikia, ni kwamba wanaomba kwa lugha isiyo ya mji huu. Muulize Mombasa mtu mwenye kipato, hasa Ramadhani ikikaribia, swali lake la kwanza halitahusu punguzo la kodi, ingawa sheria ya kodi inaliruhusu kwa michango kwa taasisi zilizosajiliwa. Atauliza: “Hii naweza kuinuia zaka?” Karo ya maskini, masheikh wengi watakwambia ndiyo. Ukarabati wa ukumbi, wengi watakwambia hapana, hiyo ni sadaka. Pesa zikiingia zote kwenye Paybill moja, mtoaji hawezi kujua zaka yake imemfikia mhitaji au imenunua rangi ya geti. Basi anaipeleka kwa jirani anayemjua. Huyo si bahili. Anatunza nia yake, na chuo hakikumpa pa kuiweka.

Wakfu nao tunao toka enzi. Nyumba inafungwa, haiuzwi wala hairithiwi, kodi yake inakwenda pale mwekaji alipoandika. Ndicho hasa vyuo vya Marekani wanachokifanya na mifuko yao ya kudumu: mtaji hauguswi, yanatumika mapato. Hapa hata uwekezaji unahitaji uangalifu, kwa sababu dhamana za serikali zina riba na wapo wahitimu hawatakubali senti yao iingie humo. Jengo la vyumba vya kupanga wanafunzi karibu na chuo lingeondoa ubishi huo, na wapangaji hawakosekani. Ila nisiufanye wakfu dawa. Mji wa Kale tumeziona nyumba za wakfu zilizochakaa, kodi yake haitoshi hata kuziba paa, na kesi za wasimamizi zinazorithiwa kama mali. Mtaji ukikosa msimamizi, unaliwa polepole tu, kwa heshima.

Kuna kitu kingine wahitimu wa vyuo vya ufundi wanacho kingi kuliko pesa, nacho hakiombwi: nafasi ya atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini. Aliyesoma Poli na sasa ni fundi mkuu bandarini, au msimamizi wa jikoni hotelini Nyali, hatatoa milioni. Lakini akipokea wanafunzi wawili kila muhula ametoa kitu ambacho karo hainunui. Kila mwaka utawaona vijana na bahasha za kaki wakizunguka eneo la viwanda la Shimanzi, kutoka geti hadi geti, wakiambiwa waache barua. Hatari yake naijua. Katika mji ambao ajira za bandarini zimekuwa malalamiko ya miaka, mlango wa wahitimu unaweza kuwa mlango wa kujuana, mtoto wa fulani kwanza. Chuo ndicho kingepaswa kupanga majina kwa zamu na kuyabandika ubaoni. Kazi hiyo haihitaji Paybill wala gala ya chakula cha jioni. Inahitaji mtu mmoja mwenye simu, daftari na subira.

Kundi letu hatimaye lilifanya jambo. Mwenzetu aliye mhadhiri alitutajia mwanafunzi, bila jina, kwa namba ya usajili tu. Tukachanga, mweka hazina akalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya karo kwa namba ile, akatubandikia risiti kundini kabla ya isha. Ilichukua siku mbili. Nimefurahi, na bado inanisumbua: tumemsaidia mmoja tuliyeelekezwa na mtu tunayemjua, na wale wasiomjua mhadhiri yeyote hatuna habari zao. Paa la maktaba nalo linavuja pale pale lilipokuwa likivuja sisi tukisoma, na hakuna namba ya usajili ya kulilipia.