Timu ya Besiboli ya Chuo Kikuu cha Tokyo: Ishushwe Daraja au Ibaki?

Tarehe 23 Mei 2015, katika uwanja wa Meiji Jingu jijini Tokyo, timu ya besiboli ya Chuo Kikuu cha Tokyo iliifunga Hosei 6-4 katika duru ya 10, ile ya nyongeza. Kabla ya siku hiyo ilikuwa imepigwa mara 94 mfululizo. Ushindi wake wa awali ulikuwa wa tarehe 2 Oktoba 2010 dhidi ya Waseda, na mrushaji aliyefungwa siku ile alikuwa Yuki Saito, mchezaji wa chuo aliyekuwa na jina kubwa kuliko wote Japani wakati huo. Katikati ya tarehe hizo mbili, kijana aliyeingia chuoni Aprili 2011 na kuhitimu Machi 2015 alimaliza miaka yake minne, misimu minane, bila kuonja ushindi hata mmoja wa ligi.

Timu hiyo haijawahi kutwaa ubingwa tangu ijiunge na ligi mwaka 1925. Tangu msimu wa machipuko wa 1998 imekuwa ikiburuza mkia msimu baada ya msimu. Hata hivyo haishuki daraja, kwa sababu Ligi ya Vyuo Vikuu Sita vya Tokyo haina daraja la kushukia. Wanachama ni Waseda, Keio, Meiji, Hosei, Rikkyo na Tokyo, basi. Hakuna chuo kinachotoka, hakuna kinachoingia. Kila msimu wa machipuko na wa vuli timu hizi hukutana mpaka mmoja ashinde michezo miwili dhidi ya mwenzake na kupata pointi ya mpambano huo, kisha mambo huanza upya.

Je, ni haki? Swali hili linawagawa wapenzi wa besiboli wa Japani, na kila upande una hoja nzito. Lakini halieleweki mpaka mtu ajue timu hii imetoka wapi.

Mwaka 1872 mwalimu Mmarekani, Horace Wilson, aliwafundisha besiboli wanafunzi wa shule moja ya serikali jijini Tokyo. Shule hiyo ndiyo iliyokuja kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Tokyo, na Wajapani huhesabu kwamba mchezo wao mkubwa wa taifa ulianzia hapo. Baadaye bendera ikashikwa na Shule ya Juu ya Kwanza, iliyokuwa ikiandaa vijana kwa ajili ya chuo hicho na ambayo baada ya vita iliunganishwa nacho. Masaoka Shiki, mshairi aliyeufufua utunzi wa haiku, alikuwa mdakaji alipokuwa mwanafunzi katika taasisi hizo. Mwezi Mei 1896 wanafunzi wa Shule ya Juu ya Kwanza walikwenda Yokohama kucheza na Wamarekani wa klabu ya wageni, waliokuwa wamekataa kwa miaka kadhaa kukutana nao. Wanafunzi walishinda 29-4. Ilikuwa zama ambazo Japani ilikuwa bado inapambana iheshimiwe na mataifa ya Magharibi, kwa hiyo matokeo yale yalibeba mambo mengi zaidi ya mchezo.

Kwa maneno mengine, timu inayoburuza mkia leo ni mrithi wa wale walioufanya mchezo huu uwe wa Wajapani. Kuna wanaosema urithi huo pekee unatosha kuipa kiti cha kudumu. Mimi sikubali. Timu hukaa ligini kwa kinachotokea uwanjani leo, la sivyo kila mjukuu wa bingwa angedai kombe. Kama ipo sababu ya kuibakiza, lazima iwe nyingine.

Historia hiyohiyo ina ukurasa mwingine, na huo ndio ninaouona wa maana zaidi. Mwaka 1911 gazeti la Tokyo Asahi lilianzisha kampeni dhidi ya besiboli ya wanafunzi, likiuita mchezo huo sumu. Miongoni mwa waliousema vibaya alikuwa Nitobe Inazo, ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa Shule ya Juu ya Kwanza. Aliufananisha na kazi ya wachomoa mifuko, kwa kuwa humzoesha kijana kumhadaa mpinzani na kuiba kituo. Abe Isoo wa Waseda alikuwa miongoni mwa waliousimamia na kuutetea. Chini ya maneno makali kulikuwa na hofu ya kweli: vyuo binafsi vilikuwa vinatoza viingilio, mashabiki wamekuwa wakali kiasi kwamba mpambano wa Waseda na Keio ulisimamishwa tangu 1906, na wanafunzi walionekana kuweka mchezo mbele ya masomo. Mwanafunzi anacheza kwa ajili ya nani? Swali hilo la 1911 halijapata jibu mpaka leo, na mjadala wa kushusha daraja ni swali hilohilo lililovaa jezi mpya.

Mwaka 1925 chuo cha Tokyo kilipojiunga, ligi ikatimia sita, na mpambano wa Waseda na Keio ukarudi. Mwaka uliofuata uwanja wa Meiji Jingu ukafunguliwa. Hadi leo, katika uwanja huo ambao pia ni nyumbani kwa klabu ya kulipwa ya Yakult Swallows, wanafunzi ndio wenye kipaumbele mchana, na wanaolipwa husubiri jioni.

Wanaotaka ishuke daraja mara nyingi hunyamazia matokeo mawili. Ligi ilifutwa wakati wa vita, mwaka 1943, na iliporejea katika machipuko ya 1946 kila timu ilicheza na mwenzake mara moja tu. Tokyo ilishinda michezo minne ya kwanza, ikapoteza wa mwisho kwa Keio 1-0, ikamaliza ya pili. Hiyo ndiyo nafasi yake ya juu kuliko zote. Kisha machipuko ya 1981 iliwashinda Waseda na Keio wote wawili katika msimu mmoja, ikapata ushindi mara sita na kumaliza ya nne. Matokeo haya yananiambia kwamba pengo la leo halikuzaliwa na ligi. Mwaka 1946 vyuo vyote vilikuwa vimetoka vitani na njaa, kila kimoja kikianza na wachezaji kiliowapata. Kadiri vyuo vingine vilivyoimarisha njia za kuwapata vijana wanaong'ara katika mashindano ya sekondari, na kadiri chuo cha Tokyo kilivyobaki na mlango wake mmoja wa mtihani mgumu, ndivyo pengo lilivyopanuka. Kati ya 1987 na 1990 vipigo vilifika 70 mfululizo, rekodi iliyokuja kuvunjwa na zile 94.

Sasa tuwasikilize wanaosema ishuke, kwa sababu hoja yao ina nguvu kuliko watetezi wengi wanavyokubali. Jirani na vyuo hivi sita ipo Tohto, ligi nyingine ya vyuo vikuu iliyoanza mwaka 1931, na humo kuna kupanda na kushuka. Timu ya mwisho daraja la kwanza hupambana na bingwa wa daraja la pili, na hakuna jina linalookoa mtu: vyuo vyenye historia kubwa kama Nihon na Komazawa vimewahi kujikuta chini. Mchezaji wa Tohto anajua kwamba kila mchezo wa mwisho wa msimu ni wa kufa na kupona. Anapoangalia upande wa pili na kuona timu iliyopoteza zaidi ya michezo 1,500 ikiendelea kupewa uwanja bora na jina kubwa, ana haki ya kukasirika. Mpambano wa Waseda na Keio hurushwa nchi nzima na NHK, shirika la utangazaji la umma la Japani, ilhali bingwa wa Tohto hucheza mbele ya viti vitupu.

Ipo pia hoja ya ubingwa wenyewe. Ikiwa kila mmoja anatarajiwa kuifunga Tokyo, basi mipambano hiyo haipimi nani bora, isipokuwa pale mmoja wa vigogo anapoteleza na kupoteza kombe kwa sababu ya mchezo ambao wenzake wote waliushinda. Takwimu za wapigaji nazo hunenepa kwa mipira ya warushaji dhaifu. Anayetafuta mshindani wa kweli kwa bingwa hapati kitu hapo.

Hoja ya tatu inahusu vijana wenyewe, na hiyo ndiyo inayonigusa zaidi. Kijana wa miaka 20 anafanya mazoezi siku sita kwa wiki, anapigwa mara kumi kwa msimu, anarudi darasani. Watetezi husema kushindwa kunajenga tabia. Ni rahisi kusema hivyo ukiwa jukwaani. Kama wangekuwa katika daraja linalowatosha, wangejifunza pia kushinda, na huo nao ni ujuzi.

Nimezipima hoja hizi na bado nasema timu ibaki. Sababu yangu si huruma, wala si urithi wa 1872.

Sababu ni kwamba timu hii ndiyo pekee katika ligi ambayo kila mchezaji wake ameingia kwa njia ileile anayoingia mwanafunzi wa fizikia au wa sheria. Kati ya wanafunzi takribani 3,000 wanaopokelewa kila mwaka, hakuna aliyeingia kwa sababu ya mkono wake. Makocha wake hawawezi kusajili, wanachoweza ni kushawishi. Kazushi Hamada, aliyekuwa kocha mkuu wakati wa ushindi wa 2015, alikuwa akiendesha kituo cha masomo ya ziada, na alizunguka akiwatafuta wanasekondari wenye kipaji na kuwahimiza wafanye mtihani huo, hata kama watalazimika kuurudia. Fikiria kocha ambaye usajili wake unategemea kijana kufaulu hisabati! Wakati huohuo Masumi Kuwata, nyota wa zamani wa Yomiuri Giants, alianza mwaka 2013 kuwafundisha warushaji wake, akiwahimiza wafanye mazoezi kwa akili kuliko kwa wingi wa saa.

Na kazi hiyo ilizaa. Oktoba 2017 Tokyo iliifunga Hosei mara mbili kwa siku mbili na kupata pointi ya mpambano kwa mara ya kwanza baada ya miaka 15. Mrushaji wake wa mkono wa kushoto, Kohei Miyadai, mwanafunzi wa sheria, alichaguliwa mwaka huo na klabu ya Nippon-Ham, akawa wa sita kutoka chuo hicho kwenda ligi ya kulipwa. Aliyemtangulia zamani, Takashi Ide, alichezea Chunichi, akawa kiongozi wa klabu hiyo, kisha uzeeni akarudi kuifundisha timu ya chuo chake. Chini yake, Mei 2021, vipigo vingine 64 vilikatika kwa ushindi wa 2-0, kwa mara nyingine dhidi ya Hosei. Hosei wana vijana waliong'ara Koshien, ile michuano ya sekondari inayosimamisha Japani kila Agosti. Kufungwa kwao na watu wa mtihani ni jambo ambalo ligi ya kupanda na kushuka isingelitoa kamwe, maana wawili hao wasingekutana.

Tazama pia ratiba. Kila msimu hufungwa na Waseda na Keio, hata kama ubingwa umeshaamuliwa na hata kama wote wawili hawamo katika mbio. Ligi inayopangwa hivyo haijidai kuwa kipimo cha nani bora nchini. Ni mapatano ya mahasimu sita wanaotaka kuendelea kukutana. Kipimo kipo mahali pengine: michuano ya vyuo vya Japani nzima, iliyoanza mwaka 1952 na huchezwa Juni, pamoja na ile ya Meiji Jingu ya Novemba, iliyoanza mwaka 1970. Huko bingwa wa Tohto na wa ligi za mikoani humkuta bingwa wa hawa sita uwanjani, na mara nyingi humpiga. Kwa hiyo kusema kwamba Tokyo inaziba njia ya wengine kuelekea ubingwa wa taifa si kweli.

Kinachobaki ni heshima, na hapo nawapa Tohto haki yao yote. Ligi ya vyuo sita ndiyo hukabidhiwa Kombe la Mfalme wa Japani kwa upande wa besiboli. Katika soka, kombe lenye jina hilohilo hushindaniwa na timu za nchi nzima, za vyuo na za ridhaa zikiwemo. Katika besiboli ni vyuo sita tu vinavyoweza kulipata, na kimoja kati yao hakijawahi kulikaribia tangu 1946. Hilo halitetewi kwa hoja yoyote niliyoitaja hapo juu. Heshima ya taifa zima haipaswi kufungiwa ndani ya mapatano ya watu sita, hata mapatano hayo yawe mazuri kiasi gani.

Kwa hiyo ningependa mabadiliko yaanzie kwenye kombe. Litolewe kwa bingwa wa michuano ya Juni, ambako chuo chochote cha Japani kinaweza kufika kwa jasho lake, na vyuo sita viendelee kucheza kama vilivyopatana mwaka 1925, Tokyo wakiwemo. Tohto watapata walichokuwa wakikidai kwa haki. Nao wanafunzi wa Tokyo wataingia Meiji Jingu bila mtu kuwaambia kwamba wamekalia kiti cha mwenzao.