Thomson na ute uliokuwa chokaa

Wavuvi wetu wanajua pima: nyoosha mikono yote miwili, hiyo ni moja. Basi msomi Edward Forbes alipodai mwaka 1843 kwamba kuanzia kama pima 300 kwenda chini bahari haina kiumbe, alitaja kina ambacho kamba ingeweza kukifikia. Nani lakini angejisumbua? Kule ni giza, baridi, na uzito wa maji yote hayo juu ya mgongo.

Alijisumbua Charles Wyville Thomson, Mskoti wa Linlithgow. Mwaka 1868 yeye na William Carpenter waliomba meli ya kivita, wakapewa Lightning, mkweche wa kuvuja. Mwaka uliofuata, wakiwa na meli ya Porcupine, wavu wao wa kukokota ulifika pima 2,435 ukapanda na tope lenye wanyama. Ubishi ukaisha.

Jina lake hasa lilitokana na Challenger, meli ya utafiti iliyozunguka kuanzia Desemba 1872 hadi Mei 1876, karibu maili 69,000 za baharini. Machi 1875, upande wa visiwa vya Mariana, bildi, kipande cha risasi cha kupimia kina, ilishuka pima 4,475, zaidi ya kilomita nane, ndipo ikagusa chini. Kushusha na kupandisha kamba kulikula siku nzima, na hapo wasomi husifiwa, mabaharia husahauliwa. Walichoka hasa, makumi walitoroka bandarini, nami siwalaumu.

Ila mimi namheshimu Thomson kwa jambo jingine. Mwaka 1868 Thomas Huxley, mwanabiolojia Mwingereza, alitangaza kuwa tope la vilindini limetandwa na ute ulio hai, akauita Bathybius haeckelii. Thomson aliuamini, hata akauelezea kitabuni. Challenger ikautafuta bahari hadi bahari, hola. Kisha mkemia wa meli, John Buchanan, akaona kwamba ute huo unatokea ndani ya chupa, pombe kali ya kuhifadhia vielelezo inapokutana na maji ya bahari. Salfati ya chokaa, basi.

Thomson angeweza kunyamaza. Nani angemuuliza katikati ya Pasifiki? Mwaka 1875 alimwandikia Huxley barua akamweleza. Huxley, kwa sifa yake, aliichapisha na kukiri kosa. Ernst Haeckel, mwanabiolojia Mjerumani aliyeenziwa kwa jina la ute huo, aliendelea kuutetea kwa miaka.