Si Amin peke yake
Makala niliyosoma inamtwisha Idi Amin wa Uganda mzigo wote wa kuvunjika mwaka 1977 kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, ile ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sawa, Nyerere alikataa kuketi naye meza moja baada ya mapinduzi yaliyompa Amin madaraka 1971, lakini mbona biashara haijaguswa kabisa? Viwanda vingi vilikuwa Kenya, Tanzania na Uganda zikabaki soko la bidhaa zake. Ile kodi maalumu iliyoruhusiwa na mkataba wa 1967 ulioanzisha Jumuiya, ili Tanzania na Uganda zilinde viwanda vyao vichanga, haikuziba pengo. Kisha shirika la ndege la pamoja likafa, Kenya ikaanzisha lake, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983! Mgawanyo wa mali na madeni ya Jumuiya ulikubaliwa 1984. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki pale Kampala (wengi huisahau) ilinusurika.