Van Gogh hakuzaliwa anajua kuchora

Wiki iliyopita, kwenye harusi ya ndugu yetu, mpwa wangu alijitenga pembeni na daftari lake akichora viatu vya wageni. Mzee mmoja akamsogelea, akatazama, akasema: "Mjukuu wangu, kuchora ni kipaji. Huna, huna. Yule Van Gogh wa Uholanzi nani alimfundisha?" Mtoto akafunga daftari. Nilinyamaza kwa kuheshimu umri wa mzee, na mpaka leo kunyamaza kule kunaniuma.

Vincent van Gogh alizaliwa Zundert mwaka 1853, na hadi anafika miaka 27 hakuwa mchoraji. Aliuza picha za watu wengine katika kampuni ya Goupil, akaachishwa kazi. Akaenda kuwahubiria wachimba makaa wa Borinage, Ubelgiji, na huko nako wakubwa hawakumtaka. Ni mwaka 1880, hana kazi wala fedha, ndipo alipoamua kuchora. Akatafuta karatasi za mazoezi za Charles Bargue, zile 60 za kuchora kwa mkaa, akazinakili moja baada ya nyingine, akamaliza, akarudia. Akanakili na picha za wakulima za Millet, mchoraji wa Kifaransa. Tazama michoro yake ya miaka ile: mabega yamekakamaa, mikono haikai sawa na mwili. Hicho ndicho kipaji cha kuzaliwa tunachoambiwa?

Akiwa The Hague, mwaka 1882, alitengenezewa fremu yenye nyuzi zilizovutwa katikati. Aliisimika ufukweni au shambani, akawa anachungulia kupitia nyuzi hizo ili ajue kitu cha mbali kiwe kidogo kiasi gani. Kule Nuenen, kijiji cha Uholanzi, alichora vichwa vya wakulima kwa makumi, kipupwe kizima, kabla hajathubutu kuwakusanya mezani katika picha yake "Walaji wa Viazi" ya mwaka 1885. Rafiki yake Van Rappard aliiponda picha ile vibaya sana na urafiki ukaingia ufa. Hata rangi alizisomea: alikuwa na kisanduku cha mabonge ya sufu, anasokota uzi wa rangi hii na ile, aone zikikaa pamoja zinasemaje. Nikilifikiria lile sanduku la nyuzi koo hunikaba. Mtu mzima, peke yake, anajifundisha kuona.

Haya, nakubali kwamba walimu aliwapata. Mchoraji Anton Mauve, aliyemwoa binamu wa Van Gogh, alimshika mkono kwa muda mfupi. Antwerp aliingia chuo cha sanaa mwanzoni mwa 1886, akatoka baada ya wiki chache tu. Walimu waliamua arudishwe darasa la wanaoanza. Na bila fedha za mdogo wake Theo asingenunua hata brashi. Lakini mtu kujifundisha mwenyewe si kwamba hakujifunza. Ni kwamba hakuwepo wa kumwambia "leo inatosha."

Habari za sikio alilojikata nimezichoka. Na anayedai dunia ilimgundua yenyewe amtaje kwanza Jo, mjane wa Theo, aliyezitunza picha na barua zile na kuzihangaikia kwa miaka na miaka.

Mpwa wangu, nilichopaswa kukuambia siku ile ni hiki. Mwaka 1890, Van Gogh yuko Auvers, Ufaransa. "Alizeti" ameshaichora. "Usiku wa Nyota" ameshauchora. Zimebaki wiki chache afariki, ana miaka 37. Anamwandikia Theo barua kumwomba amtumie zile karatasi za Bargue, kwa kuwa anataka kuzinakili upya, asije akasahau vipimo vya mwili wa binadamu.