Dagaa wa mama Sele wameniumbua Honolulu

Kwanza kabisa, sikutolewa pepo. Sele kaandika kwenye grupu eti nimepandisha mashetani Hawaii nikaanguka kitandani huku nataja samaki, na naona mmeshacheka mpaka basi, haya sasa msikilizeni na mshtakiwa.

Mnajua juzi Jumapili mimi na Sele tulikimbia marathoni ya Honolulu. Ile mbio Wakenya wameifanya shamba lao tangu Ibrahim Hussein aichukue mara tatu mfululizo, 1985 mpaka 1987, basi saa kumi na moja alfajiri, fataki zinapasuka, watu wakiniangalia rangi na miguu wananipisha mbele wanajua mwenye mali kaja. Nimemaliza kwa saa nane kasoro. Mungu ambariki aliyeamua ile mbio isiwe na muda wa kufungwa. Kesho yake ngazi nazishuka kinyumenyume.

Ndo tukaelekezwa kwa mama mmoja anayechua watu, lomilomi wanaita, lomi kwao ni kukanda, kufinyafinya. Mimi nilitegemea spa ya mishumaa na muziki wa maji. Nafika naona nyumba ya kawaida tu, kuku uani, viatu unaacha mlangoni kama kwetu, na mwenyewe unamwita Anti, maana huko kila mama mtu mzima ni anti. Sele akasema anaenda kutafuta chakula. Shikeni hapo, Sele KAENDA kutafuta chakula.

Anti hakunigusa kwanza. Akanishika mkono akaomba dua kwa Kihawaii, pule wanaita, mimi nikaitikia amina kwa sauti ya msikiti mzima kuku wakatawanyika. Akaniambia hii kazi kafundishwa na bibi yake, zamani ilikuwa haitoki nje ya ukoo, mpaka wakaja kina Margaret Machado, Anti maarufu wa Kisiwa Kikubwa aliyefariki 2009, wakafundisha hata wageni, na yule mama alikuwa anasema lomilomi ni sala. Ndo maana kabla ya kushika mwili wanauliza moyo. Kama una jambo na mtu linanyooshwa kwanza, hooponopono, ndugu wanakaa na mzee, wanaomba, mkosaji anakiri, aliyekosewa anaachilia. Basi akauliza, una jambo na mtu?

"Moyo mweupe Anti."

Nikalala kifudifudi, uso kwenye lile tundu la kitanda, shuka kiunoni. Akamwaga mafuta ya kokwa za kukui, kigasha chake kikapanda kutoka kisigino mpaka begani kwa pumzi moja, jamani, niliona marehemu babu ananipungia mkono. Kikafika kiunoni kikasimama. "Hapa umebeba nini?"

Nyie, sijui nini kilinipata.

"Ni dagaa, Anti."

Akanyamaza, akabonyeza. Nikamwaga yote. Kwamba mwaka jana natoka Dar mama yake Sele alinipa kilo mbili za dagaa wa Mwanza nimpelekee mwanawe, nikamwambia Sele forodha wamechukua uwanja wa ndege. Kumbe nimekula mimi, wiki tatu, na ugali, usiku, madirisha wazi harufu itoke. Na kwamba yule mama hadi leo anawaombea mabaya watu wa forodha wa Marekani kila baada ya swala. Nalia mimi, kamasi linadondoka kupitia tundu tone moja moja sakafuni, nikasema "na ubuyu pia Anti, ubuyu pia nimekula," hapo nikafumbua macho.

Chini ya tundu, sentimita chache kutoka kwenye kamasi langu, kuna mguu. Mguu mtupu. Kidole gumba kina ukucha mweusi uliofia kilomita ya 30 na plasta ya bluu imekaa upande. Ile plasta niliibandika mimi.

Mguu hausemi kitu. Kidole gumba tu kikajikunja, taratibu, kikajikunjua.

Nikataka kuinuka nijitetee. Sasa mtu kapakwa mafuta kama kambale, kiwiko kikateleza, kifua kikafuata, nikajishikilia shuka, shuka nayo ikaona isiachwe, tukashuka wote watatu, mimi, shuka na chupa ya kukui. Sauti niliyotoa sakafuni naiachia grupu, Sele ameirekodi.

Mengine mafupi. Anti akatukalisha, tukakiri, Sele akasema mbele ya mzee kwamba kaniachilia, kwa Kiingereza kizuri kabisa, na tulipofika getini grupu lilikuwa linawaka. Mama yake kaniachia voisi ya dakika nne, sijafungua. Ila mgongo umepona kweli, hilo siwezi kumdhulumu Anti.

Chakula alicholeta Sele nacho kinaitwa lomi, salmoni wa chumvi kafinywafinywa na nyanya na vitunguu, kachumbari yenye ndugu tajiri. Akafungua boksi mbele yangu, akala, harufu ile na mimi sijala tangu asubuhi. Nikaomba kijiko kimoja tu.

Akaniambia forodha wamechukua.