Barua iliyosema hapakuwa na binadamu

Katika sakata lote la Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, na Linux, mfumo huru wa kuendesha kompyuta, kinachonikera zaidi ni barua ya kamati ya maadili iliyosema utafiti ule haukuhusu binadamu.

Mwaka 2020 watafiti wa chuo hicho walituma viraka vitano, yaani masahihisho ya msimbo, kwa majina bandia, waone kama wahakiki wa kiini cha Linux, sehemu ya msingi ya mfumo huo, watanasa kasoro zilizofichwa humo. Kiraka cha aina hiyo huwa na mistari michache tu. Maelezo yake yanasema kinazuia kumbukumbu ya kompyuta isivuje, yaani isishikiliwe bure. Kumbe kinaachia kumbukumbu ambayo sehemu nyingine ya programu bado inaitumia. Anayekisoma ana foleni ya viraka vingine, na baadhi ya wasomaji hao hawalipwi hata senti. Anauliza swali, anajibiwa na mtu asiyekuwapo. Huyo naye si binadamu?

Hoja ya watafiti ina uzito. Ukimwambia mhakiki kwamba kesho atajaribiwa, atakaza macho na hutapima kitu. Wanasema pia walivizuia viraka hivyo visiingie kwenye msimbo. Na hatari yenyewe, ya kasoro kupenyezwa kwa siri, si ya kubuni: simu za Android tulizonazo mifukoni zinaendeshwa na kiini hichohicho. Sawa. Lakini kampuni ikijaribu walinzi wake, yupo bosi aliyeridhia. Hapa hakuambiwa yeyote, na barua yenyewe iliombwa baada ya jaribio.

Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wakuu wa kiini hicho, alipokifungia chuo kizima kisitume viraka Aprili 2021, wengi walisema amezidisha. Wanafunzi wasiohusika wana kosa gani? Ningekuwa upande wao, kama si hesabu iliyotolewa Mei na bodi ya ushauri wa kiufundi ya Linux Foundation, shirika linaloiunga mkono Linux. Viraka 435 vya chuo hicho vilikaguliwa upya. Vilivyohitaji kurekebishwa ni 39. Vilivyokuwa sawa tangu mwanzo ni 349. Hivyo 349 ndivyo vinavyonisumbua: kazi safi, iliyokwisha kupita, inafunguliwa na kusomwa tena kwa sababu ya vichache vya hila. Saa hizo zilitoka kwa wahakiki walewale.

Watafiti waliomba radhi, makala ya utafiti huo wakaiondoa. Kanuni za Marekani, hata hivyo, humtambua mhusika wa utafiti hasa kwa taarifa zinazokusanywa kumhusu. Kuhusu muda wa mtu asiyetambuliwa hivyo, unaotumiwa bila ridhaa yake, hazimuulizi mtafiti lolote.