Ng'ombe Ishirini, Paa!

Mdogo wangu wa kiume hapatani na kazi inayochukua muda. Ukimtuma sokoni Majengo, hapa Dodoma, anauliza kwanza kama hakuna mtu anayetoka huko. Wali anakula kwa upawa. Kwa hiyo aliporudi kutoka masomoni Uingereza na makopo mawili ya shira nzito nyeusi ndani ya begi, akaninong'oneza kwamba atatengeneza bia hapa hapa nyumbani Nkuhungu bila kupika chochote, sikushangaa. Mzee hakunong'onezwa. Baba yetu ni mzee wa kanisa, na nyumbani kwake kinywaji kikali kuliko vyote ni chai ya tangawizi.

Huko alikokuwa, mwenye nyumba wake alikuwa anatengenezea bia yake bafuni, na serikali haina neno: leseni ya kupika bia ya kunywa nyumbani waliifuta tangu 1963. "Dada, kopo moja ni kilo 1.7. Unamimina kwenye ndoo, unatia sukari kilo moja, maji, hamira, kwisha. Lita 23!"

Bibi alikuwa amekaa mlangoni anavuta ugoro wake. Alishuka kutoka Mvumi kwa sababu mdogo wetu wa mwisho alikuwa amechumbiwa, na mahari haiwezi kusemwa bila yeye kuwepo. Bibi ndiye aliyetuwekea ujimbi, pombe yetu ya Kigogo, kwenye kila sherehe, kabla mwanawe hajapata uzee wa kanisa. Ujimbi wa mtama unaujua wewe? Unaloweka mtama, unauotesha, unaanika kimea, unasaga, unakoroga uji, unaupoza, unatia kimea, unasubiri. Katikati ya hayo yote unafukuza kuku.

"Hiyo kazi yote ameifanya nani?" akauliza.

"Kiwanda, bibi. Wameotesha shayiri, wakaikausha, wakaisaga, wakaikamua utamu kwa maji ya moto, kisha wakayachemsha maji mpaka ikabaki shira. Hata yale maua machungu wameshatia."

Bibi akalichukua kopo, akaligeuza geuza. "Kwa hiyo wewe unapika nini?"

Swali hilo mpaka leo halijajibiwa.

Lakini tusimwonee. Mambo mengine aliyoyaruka yalirukika. Hakuchemsha lita 23 kwa mkupuo. Alichemsha sufuria moja tu, akayeyushia shira na sukari, kisha akajazia maji yaliyochemshwa jana yake yakapoa. Hapo aliokoa saa nzima ya kungoja ndoo ipoe. Hamira ya kopo ni unga mkavu, gramu chache tu kwenye kijipakiti chini ya kifuniko. Aliinyunyiza juu hivyo hivyo, na jioni ndoo ilikuwa inatoa mapovu kama mbuzi aliyekula sabuni. Vyombo alivisafisha vizuri, maana alisema uvivu wa kuosha ndio pekee usiosamehewa. Nikaanza kumheshimu.

Shida ilikuja na kalenda. Washenga kutoka Tabora walikuwa wanakuja Jumamosi, na jamaa alishapanga kwamba wazee wakimaliza maneno yao, vijana watakutana kimya kimya nyuma ya nyumba. Karatasi iliyokuja na kopo ilitaka ndoo ikae penye ubaridi, nyuzi 20 na kitu. Dodoma, mwezi wa Novemba, mvua bado! Ingewezekana: unaisimamisha ndoo kwenye karai la maji, unaizungushia kanga mbichi, upepo wetu mkavu unafanya kazi ya friji bila bili ya umeme. Yeye aliiweka stoo, chini ya bati tupu, nyuma ya magunia ya karanga. "Joto linaharakisha," alisema. Na kweli liliharakisha. Povu lilipanda upesi, likashuka upesi.

Kuna kipimo cha kioo kinachoelea kwenye bia. Mwanzo kinasimama kwenye 1.040 na kitu. Sukari inavyoliwa nacho kinazama, na kikifika karibu na 1.010 kikakaa hapo siku mbili bila kuhama, ndipo unajua hamira imemaliza kula. Alikuwa nacho, kwenye boksi lake zuri. Hakulifungua. "Povu limeshuka dada, imeiva."

Kisha chupa. Hesabu yake ilikuwa hivi: chupa za bia za nusu lita zingehitajika 46, ndiyo kuosha mara 46 na kuziba mara 46. Chupa za mvinyo zina mililita 750, zingetosha 31 tu. Na chupa tupu za mvinyo mji huu hazitafutwi, tunakaa katikati ya zabibu. Alizizoa bure nyuma ya ukumbi mmoja siku ya pili ya harusi, pamoja na vizibo vyake vya gome. Vizibo akavichemsha, akavigongelea kwa mchi uliofungwa kitambaa. Chupa ya mvinyo wa kawaida haikutengenezwa kubana gesi. Kioo chake si cha kazi hiyo, na kizibo hakina waya wa kukishika.

La mwisho ni sukari ya kuleta gesi. Ukitaka urahisi wa kweli, unapima gramu sita au saba kwa kila lita, unayeyusha yote kwa mkupuo katika maji ya moto, unachanganya kwenye ndoo, unajaza. Yeye aliona hiyo ni hatua ya ziada. Akatia kijiko cha chakula kila chupa, tena cha kilima.

Washenga walifika saa sita mchana, wazee watatu, makoti juu ya jua lile. "Mbukwenyi!" wakatusalimu Kigogo kwa lafudhi ya Tabora, na sebule nzima ikacheka, maana Wanyamwezi ni watani wetu. Mmoja alianza hata kabla ya kukaa: babu zake walipopita Ugogo na misafara ya pembe walitozwa hongo, ushuru wa njia wa zamani zile, hata kwa maji ya kunywa, kwa hiyo leo amekuja na risiti za zamani. Baba akafungua kwa sala. Mjomba, msemaji wetu, akakohoa kikohozi cha bei.

"Binti yetu amesoma," akasema. "Sisi hatuuzi mtoto. Lakini mila inasema ng'ombe ishirini."

PAA!

Kitu kikagonga bati la stoo, kikadunda, kikatulia. Wote tulinyamaza. Mjomba mwenyewe alitazama juu.

"Ni mabati," baba akasema. "Yanatanuka kwa jua." Naye hakuwa anadanganya, mabati ya Dodoma hulia hivyo.

Mshenga mkubwa akajifuta jasho. "Tumesikia, wakwe zetu. Ishirini ni wengi. Sisi tulifikiria nane."

PAA! PAA! Na nyuma yake mlio mwingine, mzito, wa kioo kinachopasuka.

"Nane wamekataliwa," mjomba akasema bila kupepesa macho. Huyu mzee angezaliwa mjini angekuwa wakili.

Nilimtafuta mdogo wangu kwa macho. Alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo na sinia la soda, amebana mgongo kwenye mlango, midomo inacheza. Nadhani alikuwa anahesabu. Mama akasema ni transfoma ya mtaani. Shangazi akasema ni watoto wa jirani. Mshenga mdogo kuliko wote hakusema kitu. Alikuwa ameshaingiza kichwa nusu chini ya meza ya kahawa, akijifanya anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa makubazi.

"Kumi na mbili!" mshenga mkubwa akasema haraka haraka. PAA! "Kumi na tatu!"

Hapo ndipo mto ulipotokea. Ulipita chini ya mlango wa stoo, ukazunguka kisigino cha mdogo wangu, ukaja taratibu kwenye zulia la mama la wageni, una povu jeupe juu na harufu ambayo mzee wa kanisa yeyote anaikumbuka kutoka ujana wake.

"Hii ni nini?" baba akauliza.

"Shayiri, baba."

"Shayiri ya nini?"

Bibi hakungoja jibu. Aliinama, akachovya kidole, akaonja, akafumba macho. Watu wote, wa Dodoma na wa Tabora, tulimwangalia yeye.

"Tamu," akasema. "Mbichi hii. Nani ameziba pombe inayopumua?"

Mshenga mkubwa alianza kucheka kwanza, mpaka miwani ikaanguka. Akasema babu zake walitozwa hongo lakini hawakupigwa risasi; kwamba sasa yeye ndiye anayedai, na kwa mtani aliyetishwa faini inajulikana. Mjomba akapinga, akasema aliyetishwa ni yule tu wa chini ya meza. Walibishana juu ya hilo kwa muda mrefu kuliko walivyobishana juu ya mahari yenyewe, na ikaishia ng'ombe kumi na watatu, na faini ya beberu mmoja kutoka upande wetu, atakayelipwa na mwenye shayiri. Mjomba akaandika yote kwenye daftari.

Kazi iliyobaki ilikuwa kuingia stoo, kwa sababu kila joto lilipozidi gesi nayo ilizidi kutoka. Baba, aliyekuwa hajasema neno tangu shayiri, alivaa koti lake la mvua na kofia ya pikipiki, akalowesha blanketi zito, akazifunika chupa zilizobaki na kufunga mlango mpaka usiku ulipopoa. Kisha akazifungua moja moja chini ya blanketi, uso pembeni. Alizijua mno zile chupa kwa mtu wa chai ya tangawizi. Mama aliliona hilo, akanitazama, akaendelea kupiga deki.

Beberu alinunuliwa mnadani, kwa pesa ambayo ingetosha kununua kreti kadhaa za bia iliyoiva.

Kopo la pili lipo bado. Kamati ya harusi ilipokaa kugawana majukumu, upande wa Tabora ulituma ujumbe mfupi sana: chakula mtuachie au mpike nyinyi, vyovyote mtakavyo, vinywaji tutakuja navyo wenyewe.